Kumpeleka Farasi Wako kwenye Mafunzo ya Wikendi: Mwongozo kwa Anayeenda kwa Mara ya Kwanza

Kila yanapotangazwa mafunzo ya wikendi ya kupanda farasi, yawe Karen, Naivasha, Gilgil au Nanyuki, maswali ya wanaoenda kwa mara ya kwanza huwa ni yale yale. Je, farasi wangu yuko tayari kwa safari hiyo? Nibebe chakula kiasi gani? Nifike lini? Akigoma kupanda lori nifanyeje? Mwongozo huu unamjibu mwenye farasi mmoja anayemweka Nairobi au pembezoni mwake, ambaye hajawahi kumlaza nje ya banda lake. Miongozo mingi inayosomwa iliandikwa kwa mazingira ya Uingereza au Marekani, na ndani yake hutakuta usubi unaoeneza maradhi, udongo mweusi unaonasa magurudumu, mteremko wa Mai Mahiu, wala saisi, yaani mtunza farasi.

Kwa kawaida mafunzo huchukua Jumamosi na Jumapili. Mwalimu, ambaye mara nyingi ni mgeni katika eneo hilo, hufundisha vikundi vya wapandaji watatu hadi watano wenye kiwango kinacholingana kwa takriban saa moja kila siku, au humfundisha mpandaji mmoja peke yake kwa dakika 45 hivi. Hakuna alama wala vikombe. Utakachovuna kinategemea zaidi mwezi uliotangulia nyumbani kuliko saa hizo mbili za uwanjani: farasi aliyekula, aliyekunywa, aliyelala na asiye na homa atajifunza hata kwa mwalimu wa kawaida, ilhali aliyefika akiwa amelowa jasho la hofu hatajifunza hata kwa mwalimu bora.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Farasi mwenye afya, ambaye nyumbani unaweza kumwendesha kwa hatua (kutembea), troti (mwendo wa kati) na kanta (mbio za taratibu), ukamsimamisha na kumgeuza mbele ya farasi wengine. Hili la farasi wengine ndilo linalosahauliwa na wanaopanda peke yao kila siku.
- Kitabu cha chanjo, pamoja na kibali cha kumhamisha mnyama pale kinapohitajika. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako mapema, hasa ukivuka mpaka wa kaunti.
- Lori la farasi lenye sakafu isiyoteleza, lililokaguliwa breki, magurudumu na mbao za sakafu, na dereva aliyewahi kubeba farasi. Dereva hodari wa kubeba mawe si lazima awe hodari wa kubeba mnyama aliyesimama kwa miguu minne.
- Saisi anayemjua farasi huyo.
- Tandiko lililomkaa vizuri, mshipi wa tumbo, hatamu na lijamu alilolizoea, na kitambaa cha ziada cha kuweka chini ya tandiko, kwa kuwa cha Jumamosi kitakuwa bado kimeloa Jumapili asubuhi.
- Helmeti isiyowahi kupata kishindo, na buti zenye kisigino kifupi.
- Kipimajoto, ndoano ya kusafishia kwato, bendeji, pamba, dawa ya kuoshea vidonda, na nambari ya simu ya daktari wa farasi anayehudumia eneo unalokwenda. Daktari wako wa Nairobi hawezi kufika Nanyuki usiku wa manane.
- Fedha za ziada. Ada ya mafunzo ni sehemu tu ya gharama. Kuna lori, banda, matandazo, posho ya saisi na chakula chake.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kikundi kinachokufaa, na useme ukweli kuhusu farasi wako.

Ukijiandikisha katika mafunzo ya kuruka viunzi, chagua kimo unachoruka nyumbani bila wasiwasi, au kilicho chini ya hapo kwa sentimita 10. Anayeruka sentimita 80 siku akibahatika ni mpandaji wa sentimita 70. Katika kikundi cha chini mwalimu atakuwa na nafasi ya kurekebisha mkao na mikono yako, na katika kikundi cha juu atatumia saa nzima kuhakikisha huanguki.

Mwandikie mratibu umri wa farasi, kazi anayoifanya kwa wiki, na tabia zake mbaya bila kuzipamba: anapiga mateke, anauma, anaogopa mbwa, au hawezi kuachwa peke yake. Anayepiga mateke huvishwa utepe mwekundu mkiani ili wengine wakae mbali. Ukiwa na farasi dume asiyehasiwa, uliza kwanza kama anakubaliwa. Ulizia pia aina ya uwanja, kama ni mchanga au nyasi, kama mabanda yana milango inayofungika, maji yanatoka wapi, na lori litaegeshwa wapi.

2. Anza na daktari na fundi wa kwato, wiki sita kabla.

Ugonjwa hatari kuliko yote kwa farasi wa Afrika ni ule unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu. Hauna tiba, na farasi wengi wasio na kinga wakiupata hufa. Kinga iliyopo ni chanjo, pamoja na kumwepusha farasi na usubi kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa ambazo vidudu hivyo huuma zaidi.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanja wiki ya safari ili kitabu kionekane kimejazwa. Chanjo hiyo hutumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Farasi huhitaji muda wa kujenga kinga, na katika muda huo hapaswi kufanyishwa kazi nzito. Mwambie daktari tarehe ya mafunzo kisha yeye ndiye apange tarehe ya chanjo. Kama tarehe hizo mbili haziwezi kupatana, mafunzo ndiyo yaahirishwe.

Kupe nao hueneza homa inayoharibu chembe nyekundu za damu, na farasi mwenye maambukizi yaliyotulia anaweza kuugua upya akichoka au akipata msukosuko wa safari. Mkague kupe kila siku masikioni, chini ya mkia na kati ya miguu ya nyuma, na mwombe daktari amtazame rangi ya fizi.

Viatu vya farasi vibadilishwe siku saba hadi kumi kabla ya safari. Ukivibadilisha siku ya Alhamisi na msumari mmoja ukapigwa karibu mno na nyama, utaligundua hilo Jumamosi mbele ya mwalimu.

3. Mzoeze kazi ya siku mbili mfululizo.

Farasi anayepandwa nusu saa mara tatu kwa wiki hawezi kuongezewa ghafla vipindi viwili vya saa nzima siku mbili mfululizo bila kuumia misuli. Katika wiki nne za mwisho, ongeza muda kidogo kidogo, kwanza kwa hatua ndefu za kawaida na milima midogo, halafu kwa troti, na kanta iwe ya mwisho kuongezwa. Wiki mbili kabla ya safari, fanya jaribio: mpande saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili, kisha mtazame Jumatatu. Akitoka bandani akiwa amekakamaa misuli, au akikunja masikio unapomgusa mgongo, hajawa tayari, au tandiko lake lina kasoro. Baada ya jaribio hilo usiongeze kazi tena. Wiki ya mwisho ni ya kazi nyepesi.

4. Mfundishe kupanda lori wakati hamwendi popote.

Hatua hii ndiyo inayoharibu wikendi nyingi, na ndiyo inayofanyiwa mazoezi kidogo kuliko zote. Farasi wengi wa kupanda nchini Kenya walianza maisha yao kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Kwa farasi kama huyo lori lilikuwa na maana moja tu: leo kuna mbio. Atapanda upesi, lakini atatetemeka na kutoa jasho njia nzima, na akishuka atatazamia uwanja uliojaa kelele. Asiyewahi kukimbia mbio, kwa upande wake, huenda hajapandishwa lori tangu aliponunuliwa. Wote wawili wanahitaji kugundua kwamba lori ni mahali pa kula.

Egesha lori penye ardhi tambarare, ikiwezekana kando ya ukuta ili upande mmoja uwe umezibwa. Fungua milango yote iingie nuru, kwa sababu farasi hapendi kuingia mahali penye giza. Mwongoze moja kwa moja hadi kwenye ngazi ya lori, yaani ubao wa mteremko wa kupandia, ukitazama mbele, usimtazame yeye. Akisimama, mwache asimame na kunusa, mradi uso wake uko kwenye lori. Akirudi nyuma, nenda naye kisha umrudishe pale pale bila hasira. Akiweka mguu mmoja kwenye ngazi, mpe sifa na umshushe. Siku hiyo hiyo au kesho yake ataweka miwili. Akishaingia, mpe pumba kidogo kwenye ndoo humo ndani, kisha mtoe akiwa bado ametulia. Akizoea hilo, mfungie ndani kwa dakika chache, halafu mzungushe kwa safari fupi isiyo na kazi mwishoni.

Kuna mambo manne ambayo hayana mjadala. Usizungushe kamba mkononi. Usisimame nyuma ya ngazi wakati farasi yumo ndani na kizuizi cha nyuma kiko wazi. Usimfunge kamba kichwani kabla kizuizi cha nyuma hakijafungwa, na wakati wa kushuka mfungue kamba kwanza ndipo kizuizi kiondolewe. Ukifuata mpangilio wa kinyume, atarudi nyuma akute kamba inamvuta, naye atavunja kitu, pengine shingo yake mwenyewe. Na usimpe dawa ya kutuliza bila daktari, kwa sababu farasi aliyelewa dawa hawezi kushika mizani lori linapokata kona.

Kamba ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na ipitishwe kwenye kitanzi cha uzi wa robota la nyasi, si kwenye chuma moja kwa moja. Akipata hofu, uzi utakatika kabla yeye hajaumia.

5. Kubaliana na saisi kwa maneno yaliyo wazi.

Wapandaji wengi humkumbuka saisi Ijumaa asubuhi, na hiyo ni dharau inayomgharimu farasi. Saisi ndiye anayejua farasi hunywa ndoo ngapi kwa siku, hulala upande gani wa banda, na samadi yake ya kawaida ikoje, na kwa hiyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona kwamba kuna jambo. Mweleze mapema siku na saa za kazi, malipo ya ziada ya wikendi, atakapolala, na atakula nini. Usikubali jibu la mratibu kwamba masaisi watajipanga wenyewe. Uliza kama kuna chumba, kitanda, choo na maji ya kuoga. Akikwambia Jumamosi usiku kwamba farasi hayuko sawa, nenda ukamwone saa ile ile, hata kama wewe huoni tofauti yoyote.

6. Pima chakula, usikikisie.

Farasi wa kilo 500 huhitaji kati ya kilo 7.5 na kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili jioni, hiyo ni takriban kilo 30, nawe ongeza akiba ya siku moja kwa ajili ya lori linaloweza kuharibika njiani. Pima robota lako la nyasi kavu aina ya Boma Rhodes kwenye mizani, kwa kuwa marobota hutofautiana sana uzito kati ya muuzaji mmoja na mwingine. Beba nyasi zile zile anazokula nyumbani, pamoja na nafaka au kyubu (chakula kilichoshindiliwa vipande) zile zile, zikiwa zimegawanywa katika mifuko yenye majina ya mlo na siku. Kubadilisha chakula ghafla ni mojawapo ya njia za uhakika za kumletea msokoto wa tumbo.

Maji yana ugumu wake. Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku kulingana na joto na kazi, na maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi, floridi ikiwemo, kiasi kwamba aliyezoea maji ya Nairobi anaweza kuyanusa na kugeuza kichwa. Beba mitungi miwili ya lita 20 kutoka nyumbani kwa ajili ya usiku wa kwanza, kisha uanze kuchanganya. Njia nyingine ni kumzoesha nyumbani, wiki moja kabla, maji yenye molasi kidogo, ili ladha ya ugenini ifunikwe. Ndoo ziwe zake peke yake.

7. Safiri mapema, na safiri polepole.

Fika Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri. Anayefika Jumamosi asubuhi, akatandika na kuingia uwanjani, ameokoa gharama ya banda la usiku mmoja na kupoteza somo zima la kwanza.

Ukielekea Naivasha, Gilgil au kwingineko bondeni, chagua njia kwa ajili ya farasi. Barabara ya chini inayopitia Mai Mahiu ina mteremko mkali, ni nyembamba na ina malori mazito. Ya juu inayopitia Kimende na Kinungi ni laini zaidi kwa mnyama anayejaribu kusimama, ingawa ukungu wa asubuhi hukaa huko juu. Mwagize dereva atumie gia nzito kwenye mteremko badala ya kukanyaga breki kila mara, na apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kila breki ya ghafla ni farasi anayetupwa kifuani.

Mpe nyasi njiani katika wavu uliofungwa juu kiasi cha kutonaswa na mguu, na kamba ya kumfungia farasi iwe na urefu wa kumwezesha kuinamisha kichwa, kwa sababu farasi anayezuiwa kuinama kwa muda mrefu hushindwa kusafisha njia zake za hewa na anaweza kupata homa ya mapafu. Acha matundu ya hewa wazi hata kukiwa na baridi. Safari ikizidi saa tatu au nne, simameni penye kivuli, mpeni maji, mkague kamba.

Wakati wa mvua, kabla ya kuingia kwenye eneo la maegesho, shuka utembee kwa miguu. Udongo mweusi ukilowa hauonekani kuwa tatizo mpaka lori limekwama.

8. Ukifika, shughulika na banda kwanza na wenyeji baadaye.

Saisi amshike farasi nje huku wewe ukipapasa kuta za banda kwa mkono, ukitafuta misumari, waya na mbao zilizochongoka. Jaribu komeo. Weka matandazo ya kutosha ili aweze kulala, tundika ndoo, kisha mwingize. Baada ya nusu saa mtoe umtembeze kwa mkono kwa dakika 20 aone uwanja, viunzi, hema na mbwa wa hapo.

Jioni hiyo, akiwa ametulia, pima na uandike joto, mapigo ya moyo na pumzi. Farasi mzima aliyepumzika huwa na joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Bila kipimo hiki cha mwanzo, kipimo cha Jumamosi usiku hakitakuambia mengi. Kabla ya saa kumi na mbili jioni awe ndani, amepakwa dawa ya kufukuza wadudu, na kama banda lina madirisha wazi, tundika wavu mwembamba.

9. Somo la kwanza: peleka swali moja.

Tandika mapema, uwe umempasha mwili joto kwa hatua za kawaida kwa angalau dakika 10 kabla ya saa yako. Uwanjani, pishana na wengine mkono wa kushoto kwa mkono wa kushoto, acha nafasi ya urefu wa farasi mmoja au zaidi nyuma ya aliye mbele, na anayetembea kwa hatua aache njia ya ukutani kwa walio kwenye troti na kanta.

Mwalimu atauliza unataka kufanyia kazi nini. Wengi hujibu "kila kitu", naye hubaki kubahatisha kwa nusu saa. Njoo na jambo moja linaloonekana kwa macho: anainama upande wa kulia kwenye kanta, anaongeza kasi hatua tatu kabla ya kiunzi, anavuta hatamu nikimwomba asimame. Taja pia jeraha lolote la zamani, lako au lake.

Usipoelewa agizo, simamisha farasi nje ya njia ya wengine na uulize. Ukiombwa ufanye jambo lililo juu ya uwezo wa mmoja wenu, unaruhusiwa kukataa kwa adabu. Mwalimu mzuri atateremsha kiunzi, na asiyeteremsha amekuonyesha alivyo.

Somo likiisha, tembea mpaka pumzi yake itulie, legeza mshipi, mpe maji, muoshe jasho la mgongoni. Kisha andika. Ndani ya saa moja utakuwa umeshasahau nusu ya uliyoambiwa. Baada ya hapo kaa ukutani utazame vikundi vingine, kwa kuwa kasoro yako utaiona waziwazi ikiwa kwa mtu mwingine, nawe umeshalipia kiti hicho.

10. Siku ya pili: farasi ndiye anayeamua.

Jumapili asubuhi papasa miguu yote minne kutafuta joto au uvimbe, tazama kama amemaliza chakula, kisha saisi amtrotishe kwa mkono kwenye ardhi ngumu huku wewe ukitazama kichwa kinavyopanda na kushuka. Akichechea hata kidogo, hapandwi. Akiwa mzima lakini mchovu, mwambie mwalimu mwanzoni, na uombe somo fupi lenye hatua nyingi za kawaida. Hakuna mwalimu wa maana atakayekasirika. Wanaokasirika huwa ni wapandaji, kwa sababu wameshalipa.

11. Kurudi nyumbani.

Usiondoke mara tu baada ya somo. Mpe saa mbili za kunywa na kula nyasi, kisha safirini mfike mchana. Jumatatu ni siku ya kupumzika malishoni, Jumanne ya kutembea tu. Mpime joto asubuhi na jioni kwa wiki mbili zinazofuata, kwa kuwa maradhi aliyoyaokota ugenini hayaonekani siku ya kwanza, na katika muda huo asitumie ndoo moja na wenzake.

Mambo yakienda kombo

*Anagoma kupanda lori la kurudi.* Msimkusanyikie. Watu wawili wanatosha, mmoja mbele na mmoja ubavuni, na wengine wote waende mbali. Farasi aliyetulia akipandishwa mbele yake, mara nyingi humfuata. Fimbo za watu kumi humfundisha kwamba ngazi ya lori ni mahali pa kupigwa.

*Hanywi maji.* Lowesha nyasi na pumba kabla ya kumpa, jaribu maji ya nyumbani au yenye molasi, na ubonyeze fizi kwa kidole kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au akipitisha usiku mzima bila kunywa, mwite daktari.

*Anaita farasi wengine na kuzunguka bandani.* Mhamishie banda ambalo anawaona wenzake, mpe nyasi nyingi, na umtembeze kwa mkono mara kwa mara. Akifanya hivyo uwanjani, mpe kazi ya kugeuka geuka kwa hatua badala ya kumvuta kinywa.

*Anakwaruza ardhi, anatazama ubavu wake, analala na kuinuka, hatoi samadi.* Huo ni msokoto wa tumbo mpaka daktari aseme vinginevyo. Ondoa chakula chote, mpigie daktari, hesabu mapigo ya moyo, na umtembeze taratibu ikiwa anajibiringisha kwa nguvu. Usimpe dawa ya maumivu kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa inaweza kuficha dalili anazozihitaji.

*Misuli ya nyuma imekuwa migumu kama ubao, anatoa jasho na hataki kusogea.* Hapa kinyume chake ndicho sahihi: asitembezwe hata hatua moja. Mfunike, mpe maji, mwite daktari, na utazame mkojo. Ukiwa wa rangi nyeusi au kahawia, mwambie.

*Joto limezidi nyuzi 38.5 akiwa amepumzika.* Hapandwi, na mratibu aarifiwe ili walio kwenye mabanda ya jirani wakaguliwe. Angalia fizi kama zimepauka au kuwa za manjano, na kama kuna uvimbe juu ya macho. Pumzi ya shida au povu puani ni dharura.

*Umeanguka na kichwa kimegonga chini.* Hupandi tena siku hiyo, hata ukijisikia mzima, na helmeti hiyo imemaliza kazi yake hata kama haina ufa. Kichefuchefu, usingizi au kusahau ulichofanya asubuhi ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

*Mwalimu anakufundisha kinyume cha unavyofundishwa nyumbani.* Jaribu njia yake kwa siku hizo mbili bila kubishana uwanjani, uandike alichosema na farasi alivyoitikia, kisha mpelekee mwalimu wako wa kila wiki maandishi hayo. Yeye ndiye atakayekuwa nawe mwezi ujao, na mara nyingi atakueleza kwamba wote wawili wanataka kitu kimoja kwa njia mbili. Pale wanapotofautiana kweli, fuata njia ambayo farasi alilegeza shingo na kupumua.